Simu ya Mkwe

Mkwe alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha kibanda cha fundi viatu, akila karanga. Hakupiga kelele wala hakumtishia mtu. Shati lake la kazini lilikuwa limenyooshwa vizuri, naye alimwamkia kila mzee aliyepita. Shangazi alipofungua dirisha akamwona, yeye aliinua mkono akampungia kama mgeni aliyealikwa, anayesubiri tu aambiwe karibu ndani.

Chiriku alikuwa ameshajibanza nyuma ya kabati la nguo, magoti yamegusa kidevu. Jina hilo alipewa na baba yake utotoni kwa sababu alikuwa hanyamazi. Tangu alipomkimbia mumewe, mkwe huyo, jino la mbele limevunjika na nguo ni zile alizovaa, ungeweza kukaa naye asubuhi nzima usipate neno.

"Amejuaje?" alinong'ona. "Shangazi, amejuaje?"

Kabla ya hapo Chiriku alijificha kwa rafiki yake aliyesoma naye, mkwe akafika. Alifanya hivi hivi: akasimama, akatazama, akaondoka. Jioni yake ukaingia ujumbe kwa namba ngeni: Pazia la kijani limekukaa vizuri. Yule rafiki alilishusha pazia siku ile ile, na kesho yake akamwomba Chiriku, huku akilia, atafute pengine pa kwenda.

Wazazi walipopata habari walikuja mbio. Mama alikuwa na aproni ya jikoni shuleni, ambako alikuwa mpishi. Baba, seremala ambaye mji mzima ulimwita Fundi Randa, alikuja na vumbi la mbao kichwani. Walipofika mkwe alikuwa ameshaondoka, yamebaki maganda ya karanga.

"Wifi, nitakuuliza na usinikasirikie," Mama alisema, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameshakasirika. "Waliojua mtoto yuko hapa ni sisi tu. Mimi sikusema. Baba yake hakusema. Mtoto hawezi kujichomea utambi mwenyewe."

"Malizia," Shangazi alisema.

"Ile kazi ya kushona sare za kampuni yao, si yeye aliyekutafutia?"

Shangazi alikuwa ameshika mkasi. Aliuweka juu ya cherehani taratibu. "Mtoto wako analala kitandani kwangu, mimi nalala chini. Chakula changu ndicho chake. Halafu unakuja kuniita msaliti, ndani ya nyumba yangu?"

Randa alisimama kati ya mke na dada, macho kwenye komeo alilokuja kulifunga jana yake kwenye mlango wa nyuma. Alijua anatakiwa kusema neno, hata moja tu. Dada yake alimsubiri, alipoona hakuna kitu akageuka ukutani, na ukimya ule wa kaka ulimuuma kuliko ulimi wa wifi.

Walimtoa Chiriku kwa mlango wa nyuma wakampeleka mtaa wa pili, kwa nesi mstaafu aliyekuwa rafiki wa Mama tangu ujana. Shangazi hakuambiwa wanakwenda wapi, na hakutoka kuwaaga.

*

Simu ya Randa ilikuwa zawadi ya mkwe. Wiki moja baada ya Chiriku kukimbia, mkwe alikuja nyumbani akapiga magoti sebuleni, akasema shetani alimpitia, akalia mpaka kola ikalowa. Alipoinuka akatoa kiboksi. "Hii ni yako baba, tuwe tunazungumza kama baba na mwanawe. Nimekuwekea kila kitu, wewe ni kuongea tu." Mama hakukitazama kiboksi kile mara mbili. Lakini Randa, ambaye simu yake ya zamani ilikuwa imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke, aliipeleka mpya karakana akamwonyesha mpaka muuza misumari.

Hakutaka mwanawe arudi kwenye ngumi. Ila aliamini mwanamume aliyepiga magoti anaweza kunyooka. Yeye kazi yake ilikuwa mbao, na ameshanyoosha mbao nyingi zilizopinda.

Jioni ile waliyotoka kwa Shangazi, simu iliita. Randa hakujua kupunguza sauti, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Simu haikusumbui?"

"Betri tu. Haifiki adhuhuri, na inachemka kama pasi."

"Za kisasa ndivyo zilivyo. Usiizime baba, wala usiwape hawa mafundi wa vichochoroni, watakunyofolea vifaa. Tembea nayo tu kila unakokwenda. Halafu poleni kwa yale maneno ya leo. Mwambie mama asimlaumu sana Shangazi. Damu ni damu."

Simu ilipokatika Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Kayajuaje maneno ya leo?"

Randa aliiweka simu mezani.

"Umeona sasa? Hata saa hazijapita! Tumetoa mguu tu, dada yako kashika simu kampigia. Na bado utaniambia nimemwonea?"

Randa alikaa kwenye kiti. Akamfikiria dada yake wa mama mmoja, aliyembeba mgongoni walipokuwa watoto, akajaribu kumwona ananong'ona kwenye simu na mtu yule. Haikuwa rahisi kumwona hivyo. Alijilazimisha mpaka akamwona. Wakaanza kumsema, mume na mke, na kupanga ni nani mwingine katika ukoo asiambiwe habari za Chiriku kwa nesi, na lini Baba atampelekea nguo. Simu ilikuwa mezani katikati yao, kioo kikiwa kimezimika.

*

Fundi wa simu sokoni alitaja bei ya kutazama betri ambayo Randa angeweza kununulia mbao za kitanda. Akarudi karakana amenuna.

"Nenda maktaba," mpaka rangi wa karakana alimwambia. "Jumamosi kuna mwalimu wa chuo anakaa pale, anawasaidia watu simu na kompyuta. Halipwi. Wanamwita Bibi Bure."

"Rahisi yenyewe inakutokea puani, sembuse bure."

"Mimi alinirudishia namba ya siri iliyonifungia akaunti mwezi mzima. Nilimpa soda, akaninunulia na mimi."

Jumamosi Randa alivaa shati safi. Alipitia kwanza kwa nesi, akampa Chiriku mfuko wa nguo, akamuuliza kama analala, akaambiwa kidogo kidogo. Nesi alikuwa anatoka kwenda kumuuguza mgonjwa wake. Randa akamwambia mwanawe ajifungie, simu ngeni asipokee, na asimfungulie mtu yeyote, hata Shangazi. Kisha akashika njia ya maktaba, simu ikimpa joto mfukoni.

Meza ilikuwa ndefu, imezungukwa na watu. Bikizee mmoja alikuwa anatafuta pensheni yake kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Bibi Bure alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, na alicheka kabla hujamaliza kumwambia shida yako.

"Shikamoo mzee. Karibu, vuta kiti."

"Marahaba. Mimi hata sijui niseme nini," Randa alisema kwa sauti ya chini, akichungulia kama kuna anayemjua. "Hivi vitu ni vya watoto."

"Hapa hakuna swali la aibu. Juzi alikuja daktari mzima, hajui kuzima tochi. Alikuwa ametembea nayo inawaka mfukoni tangu asubuhi."

Randa alicheka, akamnyooshea simu. Mwalimu hakuipokea.

"Ishike mwenyewe. Nitakuelekeza, wewe utabonyeza. Simu ni kama kifua chako cha nguo, usimpe funguo mtu usiyemjua."

"Sasa wewe nakujua?"

"Ndiyo maana nimekuambia uishike."

Jambo hilo lilimpendeza Randa, naye akaanza kubonyeza kwa kidole kinene chenye kovu la msumeno. Walikwenda polepole. Kila ukurasa mpya mwalimu alimwambia huu ni wa nini kabla hajaufungua. Walipofika palipoonyesha kinachokula betri, mwalimu aliivaa miwani yake. Palikuwa na kitu kimoja kimejiandika Huduma ya Mfumo, na kilikula kuliko vingine vyote vikijumlishwa.

"Simu umenunua wapi, mzee?"

"Nimepewa. Mkwe wangu."

"Na ni yeye aliyeitengeneza ikawa tayari?"

"Kila kitu. Kijana ana heshima sana."

Kile kicheko kilimtoka mwalimu usoni. Akamwomba abonyeze hapa, na hapa, na hapa tena. Mahali ilipo simu: imeruhusiwa, wakati wote. Maikrofoni: imeruhusiwa, wakati wote. Mwalimu akatoa simu yake mwenyewe, akapiga picha ya kila ukurasa bila kusema. Halafu akachukua karatasi, akaandika maneno machache, akamsogezea.

Randa alikunja uso. "Umeandika nini? Miwani nimeiacha karakana."

Mwalimu aliweka kidole mdomoni. Bikizee wa pensheni aliinama akaisoma karatasi, akashika mdomo wake kwa viganja viwili.

"Imepata moto sana, mzee," mwalimu alisema, safari hii kwa sauti kubwa ya uchangamfu. "Tuiache ipoe. Twende nje tukapunge upepo." Alivua sweta, akamwonyesha kwa ishara, na Randa alipotikisa kichwa kukubali, akaifunga simu ndani ya sweta, akaitia kwenye droo, akaisukuma mpaka mwisho.

*

"Inasikiliza," alimwambia walipofika nje, karibu na ukuta. "Kuna kitu kimewekwa ndani yake. Kinamwonyesha mtu simu ilipo, na akitaka anasikia mnachozungumza. Nilikuwa nakuandikia hivyo."

"Nani?"

"Hilo simu haijaniambia. Najua tu kwamba aliyekiweka lazima aliishika mkononi."

Damu ilimpanda Randa kichwani. "Mwanangu, angalia maneno yako. Yule alinipigia magoti. Wewe humjui."

"Simjui, na sitakuambia ni mtu wa namna gani. Nimekuambia simu inafanya nini, basi. Ukitaka, nenda kwa fundi mwingine akuangalizie bila kumwambia nilichosema. Lakini nikuulize jambo moja. Kuna mtu katika familia yenu anayejificha?"

Randa alifungua mdomo. Akaliona pazia la kijani ambalo siku moja aliketi chini yake akinywa maji, alipokwenda kumwona mwanawe. Akaliona komeo la mlango wa Shangazi, alilolifunga kwa mkono wake huku simu ikiwa mfuko wa shati. Akauona mfuko wa nguo.

"Nimetoka huko sasa hivi," alisema.

"Wapi?"

"Alipo. Nimetoka huko, nimekuja moja kwa moja hapa. Nifutie! Kifute hicho kitu!"

"Tukikifuta atajua tumegundua, na mwanao bado yuko pale pale. Mtoe kwanza. Mpigie kwa simu yangu."

Randa aliishika simu ya mwalimu akabaki ameikodolea macho. Namba ya Chiriku hakuijua. Ya mkewe hakuijua. Zote zilikuwa ndani ya droo, mkwe ndiye aliyemwingizia moja moja. Mwalimu alirudi ndani kwa kunyata, akainakili ya Chiriku, wakapiga. Iliita mpaka ikakatika. Wakapiga tena.

"Hapokei ngeni," Randa alisema, na sauti yake ikapasuka. "Nimemkataza mimi mwenyewe."

Namba moja tu alikuwa nayo kichwani. Alikuwa ameiandika kwa brashi, tarakimu kwa tarakimu, kwenye kibao cha ushonaji cha dada yake. Akaibonyeza.

"Haloo?" Cherehani ilikuwa inanguruma nyuma ya sauti.

"Dada, ni mimi."

Cherehani iliendelea kunguruma.

"Usikate, dada. Chiriku yuko kwa nesi, rafiki wa mama yake, hapo mtaa wa pili, nyumba ya kona. Mkwe ameshajua. Kila mahali ni mimi nimempeleka, simu aliyonipa... Si wewe uliyesema. Ni mimi. Mtoe dada, yuko peke yake."

Cherehani ilinyamaza. "Mkeo anajua umenipigia?"

"Hajui."

"Vizuri," Shangazi alisema, akakata.

Randa alibaki ameishika simu sikioni. Hakuelewa lile neno lilikuwa na maana gani.

*

Shangazi alifunga mlango wake bila kuvaa viatu vya kutokea, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alipita nyuma ya nyumba za watu, akaruka mfereji, akagonga kwa nesi.

"Nani?"

"Shangazi yako."

Sauti ndogo ikasema kutoka ndani, "Nimeambiwa nisikufungulie."

"Najua ulivyoambiwa. Basi usinifungulie. Toka kwa dirisha la nyuma, ukimbilie kanisani kwa akina mama wanaofagia, ukae katikati yao. Mimi nitabaki hapa mlangoni. Akija atanikuta mimi."

Alisikia miguu, halafu akasikia komeo. Chiriku alifungua mlango, akamtazama shangazi yake kuanzia utepe mpaka kandambili, akamshika mkono akamvuta waondoke wote. Shangazi alikataa. "Akikuta nyumba tupu atatufuata njiani. Nenda, mwanangu. Wapigie polisi ukifika."

Chiriku alikimbia. Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Mkwe aliiegesha vizuri, akavua kofia, akachukua mfuko mweusi uliokuwa umening'inia kwenye usukani. Alimkuta Shangazi amekaa kizingitini, anatunga uzi kwenye sindano.

"Shikamoo Shangazi. Kumbe na wewe uko huku?"

"Marahaba. Nimekuja kumtembelea mwenzangu, naye katoka."

"Na mke wangu?"

"Hapa hakuna mke wa mtu."

Mkwe alitabasamu. Aliuweka mfuko chini, na kilichokuwa ndani kikacheza kama maji. Akatoa simu yake akaitazama, kisha akapiga.

Kule maktaba, Randa na mwalimu wakiwa wamerudi ndani, droo ilianza kutetemeka. Mwalimu akamwambia Randa halazimiki kupokea. Randa aliifungua sweta, akapokea.

"Baba, shikamoo. Leo umekwenda kufanya nini maktaba?"

"Nani amekuambia niko maktaba?"

Simu ikakatika. Wakiwa bado wanaitazama, ile Huduma ya Mfumo ilitoweka yenyewe kwenye kioo, pakabaki peupe. Mwalimu alizihesabu picha alizopiga.

Mbele ya nyumba ya nesi mkwe aliurudisha mfuko kwenye usukani, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Shangazi. "Mwambie nampenda," alisema. Polisi, waliopigiwa na akina mama wa kanisani, walimkuta mwisho wa mtaa. Ndani ya mfuko palikuwa na dumu la petroli na kiberiti. Alisema petroli ni ya pikipiki. Kuhusu kiberiti alisema huvuta sigara, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akivuta.

*

Kituoni ofisa aliwasikiliza Randa na mkewe huku akichezea kalamu. "Mume kumtafuta mkewe si kosa, mzee. Haya ni ya kuzungumza nyumbani."

Mwalimu alikuwa ameacha watu wake maktaba akaja nao. Akaziweka zile picha mezani moja baada ya nyingine, akaeleza kila moja inaonyesha nini. Ofisa aliacha kuchezea kalamu. Mkwe akaitwa. Hakubisha.

"Ni kweli niliweka," alisema kwa upole. "Mzee wangu umri umekwenda, anasahau sahau. Nilihofia atapotea njiani. Ningemwambia angejisikia vibaya."

Chumba kizima kilimgeukia Randa, na macho yao yalikuwa ya huruma, yale ambayo watu humpa mzee aliyevaa shati kinyume. Alisikia masikio yakiwaka. Mama alimshika kiwiko, akaikunjua ngumi yake taratibu.

"Sijasahau kitu," Randa alisema. "Nakumbuka kila nyumba niliyokupeleka."

Polisi walimweka mkwe ndani. Baadaye kesi ikafunguliwa, na kabla haijafika popote akatoka kwa dhamana, akaambiwa asimkaribie Chiriku. Alionekana tena kazini, shati limenyooshwa, akiwaamkia wazee.

Mama alikwenda kwa Shangazi peke yake. Alikaa chini, akasema yote bila kujitetea. Shangazi alimwacha amalize, akamletea maji. "Msamaha nitautafuta, wifi," alisema. "Kwa sasa sijui niliuweka wapi." Randa naye alikwenda siku nyingine. Yeye hakupewa hata maji, lakini alipoondoka dada yake alimsindikiza mpaka barabarani.

Chiriku aliondoka mjini alfajiri moja na Shangazi, ambaye alirudi baada ya siku chache na hakumwambia mtu kitu. Kabla ya safari, Bibi Bure alikuwa amekaa na Chiriku mchana kutwa, akamfundisha kukagua simu mwenyewe, namba za siri, kila kitu, mpaka akaweza kumfundisha mwingine.

Chiriku alipopiga mara ya kwanza, Randa alikuwa karakana. Alitoka nje, akasimama mbali na kila mtu.

"Baba! Nimepata kazi, na chumba nimepata, mwenye nyumba anaongea kunishinda mimi! Dirishani kwangu naona ule—"

"Usiniambie."

"Baba, simu zote mbili ni safi. Mwalimu alizikagua mwenyewe."

"Najua. Usiniambie unaona nini, mwanangu." Aliufunika mdomo kwa kiganja, akatazama barabara pande zote mbili. "Niambie tu kama umekula."